Gome la Mti na Saratani ya Ovari

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza kama kweli kuna mti unaozuia saratani ya ovari, yaani kiungo cha mwanamke kinachotoa mayai ya uzazi, isienee. Dawa yenye asili ya mti ipo. Mwaka 1962 mtaalamu wa mimea Arthur Barclay alichukua sampuli za mti uitwao Taxus brevifolia katika jimbo la Washington, Marekani. Kwenye gome lake wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani walipata kemikali ambayo leo tunaiita paklitakseli.

Seli ikitaka kugawanyika huunda nyuzi nyembamba mno za kuvutia kromosomu (vibeba urithi vya seli), nusu huku na nusu kule. Nyuzi hizo sharti ziweze kujengwa na kubomolewa. Mwaka 1979 mtafiti Susan Horwitz na wenzake walionyesha kwamba paklitakseli huzikakamaza zisibomoke. Seli hukwama katikati ya kazi, na nyingi hufa.

Kwa ovari hilo ni jambo kubwa. Saratani hii haina haja ya kungoja njia ya damu: seli humeguka, huelea kwenye majimaji ya tumbo, kisha hunasa kwenye utando wa mafuta uliofunika utumbo. Ndiyo maana akina mama wengi hufika hospitali tumbo limeshajaa maji. Seli iliyonasa lakini haiwezi kugawanyika haioti uvimbe mpya. Desemba 1992 Marekani iliidhinisha dawa hii kwa saratani ya ovari iliyoshinda dawa nyingine. Siku hizi hutolewa pamoja na kaboplatini, dawa nyingine ya saratani, na mara nyingi upasuaji huwemo.

Sasa nawaomba sana, msiende kuchemsha magome. Miti ya jamii hii ina sumu nyingine, taksini, inayosimamisha moyo. Tena paklitakseli karibu haiyeyuki kwenye maji. Dripu ya kawaida huwa na kiyeyushi kilichotengenezwa kwa mafuta ya mbarika, na hicho chaweza kuleta mzio mkali. Kwa hiyo mgonjwa hupewa kwanza deksamethasoni, dawa ya kutuliza mzio, na muuguzi humwangalia kwa karibu matone ya mwanzo yanapoingia. Sufuria ya jikoni haiwezi kazi hiyo.

Mama akiona tumbo linajaa, anashiba kwa tonge chache, anakwenda haja ndogo kila mara, na hali hiyo haiishi wiki baada ya wiki, aende akapimwe kwa ultrasaundi. Asikubali kuambiwa ni gesi tu kabla ya kupimwa.