Namna ya Kukariri Mantra kwa Tasbihi na Kuiimba Hadharani

Karibuni, watazamaji. Leo tutakariri mantra, yaani maneno matakatifu ya Kihindu yanayorudiwarudiwa, kwa tasbihi, kisha tutaiimba hadharani pamoja na wenzetu, jambo ambalo wengi huliogopa kuliko linavyostahili.

Ketini wima, sakafuni au kitini, mabega yakiwa yamelegea. Mantra yetu ina maneno 16: Hare Krishna, Hare Krishna, Krishna Krishna, Hare Hare, Hare Rama, Hare Rama, Rama Rama, Hare Hare. Tazameni mkono wangu wa kulia: punje iliyo jirani na ile kubwa, inayoonyesha mwanzo wa tasbihi, naishika kwa kidole gumba na kidole cha kati, huku kidole cha shahada kikikaa kando. Nikimaliza mantra nzima, naivuta punje hiyo kuelekea kiganjani na kushika inayofuata, hadi zitimie 108. Nikiifikia tena punje kubwa siivuki, bali naigeuza tasbihi na kurudi nilikotoka.

Sauti iwe ya chini, lakini masikio yenu yaisikie, kwani kazi kubwa iko katika kusikiliza. Yakija mawazo ya deni au ugomvi wa jana, msishindane nayo. Rudisheni sikio kwenye neno linalofuata. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani kuwa utulivu ni akili tupu, ilhali mlango wake ni pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika British Medical Journal ulionyesha kuwa waliosali rozari kwa Kilatini, au waliokariri mantra, walipumua takriban mara 6 kwa dakika, mwendo unaousaidia mwili kurekebisha shinikizo la damu. Basi msikimbize hesabu. Mwenye haraka huishia kumeza silabi.

Sasa tutoke nje. Katika kirtani, yaani uimbaji wa mantra kwa pamoja, kiongozi huimba mstari na kundi humwitikia, kama Chaitanya (1486–1534), mtakatifu wa Kihindu aliyemwabudu Krishna, alivyofanya na wafuasi wake katika mitaa ya mji wa Navadvip, Bengal, nchini India. Mgeni asimame karibu na mpiga ngoma, aitikie tu, na akipewa kartali, yaani matoazi madogo ya mkononi, agonge mara mbili kwa kuzima mlio na mara ya tatu auache ulie. Aibu hudumu kwa mistari michache, kisha sauti yako humezwa na ya kundi. Acheni nafasi kwa wapita njia. Wimbo ukikoma msizungumze mara moja. Simameni kimya mpaka pumzi itulie yenyewe.