Wamoriori Hawajaisha

Haya jamani karibuni, wa huko nyuma sogeeni, viti vya mbele bado vipo. Leo naongelea watu wa kisiwa kinaitwa Rēkohu, kwenye ramani mtakikuta kama Chatham, kiko kama kilomita 800 mashariki ya Nyuzilandi, mbali kiasi kwamba hata saa zao zimetangulia za Nyuzilandi kwa dakika 45. Wenyeji wake ni Wamoriori. Ukiuliza habari zao utaambiwa harakaharaka kwamba walishakwisha, wa mwisho alifariki 1933, basi. Mimi nimekuja kulikataa hilo neno "walishakwisha".

Asili yao ni Wapolinesia, walitokea Nyuzilandi kama miaka 500 iliyopita wakakaa kule peke yao, bila mgeni. Kisiwa kina baridi na upepo usiokatika, viazi vitamu havikubali kuota, miti ya kuchongea mtumbwi mkubwa hakuna, kwa hiyo wakabuni vyombo vyao vya mabua na mwani, maji yanapita katikati lakini chombo kinaelea tu. Wakaishi kwa samaki, sili, ndege wa baharini na mbegu za mti wa kopi, na kwenye magome ya miti hiyohiyo wakachora sura za watu, baadhi bado zinaonekana mpaka leo.

Sasa sikilizeni hii sheria yao, maana ndiyo moyo wa habari yote. Zamani walipigana wenyewe kwa wenyewe mpaka akatokea kiongozi mmoja, Nunuku-whenua, akapiga marufuku kuua. Mkigombana, mnachukua fimbo isiyozidi unene wa kidole gumba, mnachapana, damu ya kwanza ikitoka ugomvi umeisha mnarudi nyumbani. Wakaishika vizazi kwa vizazi. Hata 1791, meli ya Waingereza ilipofika pale Kaingaroa ukazuka mzozo na Mmoriori mmoja, Tamakaroro, akapigwa risasi akafa, wazee walikaa kikao wakaamua wageni watakaofuata wapokewe kwa amani.

Waliofuata wakawa wawindaji wa sili na nyangumi, na magonjwa yao. Halafu ndio ukaja mwezi wa 11 mwaka 1835, meli Rodney ikashusha Wamaori, wenyeji wa Nyuzilandi, wa makabila ya Ngāti Mutunga na Ngāti Tama, kwa safari mbili kama watu 900, wana bunduki. Tuwe wakweli, hao nao walikuwa wamehamishwa kwao Taranaki, huko Nyuzilandi, na vita vya bunduki vya Wamaori wenyewe kwa wenyewe, walikuwa wanatafuta pa kukaa. Walifika hoi kwa safari na Wamoriori wakawahudumia. Baadaye wageni wakaanza kuitembea ardhi na kujimilikisha, kipande baada ya kipande.

Wamoriori wakakutana Te Awapatiki, mkutano mkubwa sana. Vijana wakasema sisi ni wengi, tupigane. Wazee wawili, Tapata na Torea, wakasema hapana, sheria ya Nunuku ni agano na miungu, tukiivunja hatutakuwa tena sisi. Wakakubaliana kutoa amani na kugawana ardhi. Kabla hata hawajaipeleka hiyo ofa wakavamiwa, watu kama 300 wakauawa, waliobaki wakafanywa watumwa, wakakatazwa kuoana wao kwa wao, wakakatazwa hata lugha yao. Kuna wanaoliita lile la Te Awapatiki ujinga, na mimi linaniuma kila nikilisikia, kwa sababu watu waliokaa kikao, wakabishana, wakachagua wakijua hatari iliyopo, huwezi kuwaita wajinga. Lawama iende kwa aliyeua.

1835 walikuwa kama 1,700. Mwaka 1862 wamebaki 101. Na mwaka huohuo wazee, mwandishi wao akiwa Hirawanu Tapu ambaye uvamizi ulimkuta mtoto, waliandika barua kwa gavana wa Nyuzilandi, George Grey, kudai haki, wakaambatanisha orodha ya jina la kila Mmoriori aliyekuwa hai 1835, nani aliuawa, nani alikufa baadaye, nani bado yupo, zaidi ya majina 1,500, yote kutoka vichwani mwa watu waliokuwa utumwani. Mnaielewa hiyo kazi? Mahakama ya ardhi ilipokaa 1870 ikawapa Ngāti Mutunga zaidi ya asilimia 97 ya ardhi, ingawa wengi wao walisharudi Taranaki. Lakini orodha ikabaki.

Kisha ukaja uongo. Karne ya 20 watoto wa Nyuzilandi wakafundishwa shuleni kwamba Wamoriori walikuwa taifa duni lililoishi Nyuzilandi kabla ya Wamaori na likafukuzwa likaisha, na hadithi hiyo ikawafaa sana walowezi, mlowezi anasema mbona na Wamaori nao walinyang'anya, mimi nina kosa gani. Tommy Solomon, huyo wanayemwita wa mwisho, alipofariki 1933 wakasema ndio basi, damu safi imekwisha, wakati ameacha watoto! Mjukuu wake, Maui Solomon, ni mwanasheria na ndiye aliyeongoza mazungumzo na serikali ya Nyuzilandi kuhusu madai yao, makubaliano yakasainiwa 2020 na kuwa sheria 2021. Yalisainiwa Kopinga, nyumba yao ya mikutano iliyofunguliwa 2005, na katikati ya nyumba hiyo imesimama nguzo yenye majina yale ya orodha ya 1862. Mtoto wa Kimoriori akiingia anamkuta babu wa babu yake kwa jina.

Na la mwisho, mafuvu na mifupa. Wakusanyaji wa Ulaya walichimbua makaburi ya Rēkohu wakauza kwa makumbusho, na mwaka 2022 makumbusho ya historia asilia ya London ilirudisha mabaki ya mababu 111 wa Kimoriori. Sisi hapa linatuhusu moja kwa moja, Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, alinyongwa na Wajerumani pale Moshi mwaka 1900, kichwa kinadaiwa kupelekwa Ujerumani na ukoo wake bado unakitafuta. Kwa hiyo wanafunzi wa sheria na wa historia mliopo, jinsi Wamoriori walivyodai hayo mabaki mpaka yakarudi ni jambo la kusoma hatua kwa hatua. Haya, maswali, tuanze na mama yule wa kilemba.