Kukagua kazi za mtafiti wa saratani: tunaanza na Burkitt

Karibuni tena. Leo tunakagua kazi za mtafiti wa saratani: kaandika nini, na nani anazinukuu kazi zake. Tutajifunzia kwa Denis Burkitt, yule daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, akaona uvimbe wa taya kwa watoto, na hadi leo saratani ile inaitwa kwa jina lake.

Fungua PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kitabibu, ni bure. Tafadhali usiandike Burkitt peke yake! Mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo, zikanimwagikia makala kwa maelfu, nikadhani huyu mzee hakuwa analala usingizi. Kumbe zilikuwa za ugonjwa, si za mtu. Andika Burkitt, acha nafasi, weka D, kisha mabano ya mraba, na ndani yake herufi a na u. Hapo umeomba mwandishi. Umeona namba ilivyoshuka? P ya Parsons, jina lake la kati, iache kwanza, maana makala zake za mwanzo zimesajiliwa bila hiyo.

Sasa zipange kwa mwaka, za zamani zikae juu. Itafute ile ya 1958 kwenye British Journal of Surgery. Watoto 38, ukurasa wa 218 hadi 223, basi. Shuka taratibu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari wakasafiri maili kama 10,000 kutoka Kampala kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali hadi hospitali kama uvimbe ule wanauona. Makala zinazofuata, za ugonjwa unapatikana wapi na wapi haupo, zimetoka kwenye safari hiyo.

Shuka tena hadi miaka ya 1970. Mada imegeuka! Sasa ni nyuzinyuzi za chakula, choo na magonjwa ya utumbo. Ukimpima kama mtafiti wa saratani ile ya watoto, fungu hili la makala liweke pembeni, la sivyo utamhesabia umaarufu alioupata kwingine.

Tukimaliza hapo twende Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma. Chini ya kila makala kuna idadi ya walioinukuu. Kuna na kipimo kinaitwa h-indeksi, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005: h ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyo hiyo. Tuseme mtu ana makala 5, zimenukuliwa mara 90, 40, 12, 4 na 2. Hesabu kutoka juu: ya nne imefikisha 4, sawa, ya tano ilitakiwa ifikishe 5, ina 2. Basi h yake ni 4. Sasa fikiria Burkitt angeandika ile ya 1958 tu, ikanukuliwa mara milioni. H yake ingekuwa 1. Ndiyo maana namba hii siipi usukani.

Tena kwake yeye hesabu inavuja. Jina likishakuwa jina la ugonjwa, daktari analiandika kila siku wala hakumbuki kutaja makala ya 1958. Na majina yenyewe yana upendeleo wake: kirusi kilichoonekana kwenye seli za uvimbe huo kilitangazwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1964 na watu watatu, Epstein, Achong na Barr. Kinaitwa Epstein-Barr. Achong kabaki kwenye orodha ya waandishi, kwa hiyo orodha isome hadi mwisho.

Hatua ya mwisho inachosha, lakini usiiruke. Bonyeza ile idadi ya walionukuu, fungua makala 10, na katika kila moja itafute sentensi inayomtaja Burkitt. Chora safu mbili kwenye daftari. Aliyemtaja kwenye mstari wa kwanza kama salamu, tia alama kushoto. Aliyechukua alichokiona Burkitt akakijaribu, akakipinga au akakiendeleza, tia kulia. Sitisha video hapa, jaza safu zako, halafu niandikie hapo chini umepata ngapi upande wa kulia.