Mgodi ulirudi, mwenye hisa hakurudi
Mhadhara kwa wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, Songea

Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na kina mama mliofunga maduka mapema ili mfike hapa: wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Jambo hili la hisa za urani nimelisema Mbinga, nimelisema Tunduru, na humu ukumbini wapo walionisikia mara mbili. Naomba wanivumilie, kwa sababu bado halijaingia. Tangu Julai 30, 2025, Rais Samia alipozindua kiwanda cha majaribio cha urani pale Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, simu yangu hailali. "Mwalimu, tuingie?" "Mwalimu, nimeletewa fomu ya hisa za urani." Juzi mstaafu mmoja amenionesha karatasi ya rangi, ina picha ya kinu cha nyuklia, na chini yake ahadi ya faida kila mwezi. Kila mwezi, jamani! Hata kuku hatagi kwa ratiba ya namna hiyo. Karatasi ile nitairudia.

Sitapoteza muda kueleza urani ni nini; Namtumbo mnaijua kuliko wanaoandika magazetini. Wala sikuja kubishana kuhusu mahitaji. Mahitaji yanakua, na mwenye kusema hayakui hafuatilii. Desemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi uliofanyika Dubai, nchi zaidi ya 20 zilitangaza nia ya kuongeza umeme wa nyuklia mara tatu ifikapo 2050. Vinu vya nyuklia, yaani mitambo inayotumia urani kutoa umeme, vinavyofanya kazi duniani ni kama 440, na zaidi ya 60 vinajengwa, vingi vikiwa China. Septemba 2024 kampuni ya Microsoft ilitia saini mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa kinu kilichokuwa kimezimwa pale Three Mile Island, Marekani, ili kiwashwe tena kwa ajili ya kompyuta zake. Yote hayo ni kweli. Kosa linafanyika kwenye hatua inayofuata, mtu anaposema: mahitaji yanakua, kwa hiyo hela yangu itakua. Baina ya sentensi hizo mbili kuna bonde, na watu wengi wamezama humo.

Sasa nisikilizeni kisa cha Paladin. Wanaokijua wakisikilize tena.

Paladin ni kampuni ya Australia ya kuchimba urani. Mwaka 2003 hisa yake ilikuwa kama senti moja ya kule. Urani yenyewe miaka michache nyuma ilikuwa imeuzwa kwa dola 7 hivi kwa ratili, ile ratili ya chini kidogo ya nusu kilo, maana urani mpaka leo bei yake hutajwa kwa ratili. Hakuna aliyeitaka. Kisha mambo yakageuka. Oktoba 2006 mgodi wa Cigar Lake kule Canada, uliokuwa ukisubiriwa na dunia nzima, ulijaa maji ukiwa bado unajengwa. Wanunuzi wakashikwa na hofu. Juni 2007 urani ikafika dola 136 kwa ratili. Na hisa ya Paladin, ile ya senti moja, ikapita dola 10 za Australia.

Angalieni vizuri kampuni hii haikuwa ya matapeli. Hapa ndipo watu hunikatiza: "Mwalimu, hao walikuwa waongo." Hapana! Walichimba kweli. Walifungua Langer Heinrich kule Namibia, na mwaka 2009 wakafungua Kayelekera, upande wa Karonga, Malawi, jirani zetu kabisa. Unga wa njano wa urani ulitoka, ukapakiwa kwenye madumu, ukauzwa. Walikuwa na miamba, mitambo, wataalamu na wateja.

Machi 11, 2011 tetemeko na tsunami vikakipiga kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani. Japani ilikuwa na vinu 54. Ikaanza kuvizima, na ukafika wakati hakuna hata kimoja kilichowaka kwa karibu miaka miwili. Bei ikaanza kuteremka taratibu, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, kwa miaka 5 na zaidi. Kayelekera ikafungwa 2014 kwa sababu kila ratili iliyotoka iliuzwa kwa hasara. Novemba 2016 urani ilikuwa inauzwa dola 18.

Wakati huo wote Paladin ilikuwa na madeni. Moja lilitoka kwa EDF, shirika la umeme la Ufaransa, ambalo mwaka 2012 lilikubali kuitanguliza dola milioni 200 kwa urani ambayo ingepokelewa kuanzia 2019. Mteja amelipa miaka saba kabla ya mzigo! Ilionekana ni neema. Lakini malipo ya awali ni deni, enyi walimu wa hesabu. Julai 2017 kampuni ikashindwa kulipa, ikawekwa chini ya wasimamizi. Na ili iokolewe, wenye hisa walinyang'anywa hisa 98 katika kila 100, zikapewa wanaodai na waliotoa fedha za kuinusuru. Mwenye hisa 100 alibakiwa na 2.

Semeni nami: alibakiwa na ngapi?

Na mbili. Ni kama baba yako alikuwa na miche 100 ya mibuni pale Mbinga, mwenye duka la pembejeo akachukua 98, akakuachia miwili na kukwambia shukuru, shamba bado lipo.

Na shamba kweli lilikuwepo. Hapa ndipo panaponiuma kila ninapolisimulia. Januari 2024 urani ilipita tena dola 100. Machi mwaka huohuo Langer Heinrich ikaanza tena kuzalisha, chini ya Paladin ileile. Kayelekera, ambayo Paladin iliiuza mwaka 2020, nayo imerudi kazini 2025 mikononi mwa wengine. Kwa hiyo aliyesema mwaka 2007 kwamba dunia itaitaka urani alisema kweli. Mgodi ulirudi. Bei ilirudi. Kampuni ilirudi. Yeye mwenye hisa hakurudi, maana alikuwa anahesabu faida ya hisa 2.

Mtu ataniambia, basi wewe unatukatisha tamaa, unataka tubaki na vipande vya mfuko wa pamoja na hisa za benki tu. Sijasema hivyo. Nimesema ukinunua hisa ya mgodi hujanunua urani. Umenunua madeni ya mgodi, bei ya dizeli yake, meneja wake, serikali ya nchi mgodi ulipo, na uvumilivu wa benki iliyoukopesha. Urani ni jambo moja tu humo ndani. Niger mnaijua: wenye hisa wa kampuni ya Ufaransa pale Arlit walikuwa na urani nzuri chini ya ardhi, ukaja ule mwaka 2023 wa mapinduzi, na Juni 2025 serikali ikatangaza kuutaifisha mgodi wa SOMAIR. Silaumu upande wowote hapa. Nasema tu jiwe ni lilelile, mwenye nalo amebadilika.

Rudini sasa Namtumbo, maana kisa chetu ni ndugu wa kile. Mkuju ilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine ya Australia, Mantra. Mwishoni mwa 2010 Warusi, kupitia ARMZ ya shirika la Rosatom, walikubali kuinunua kwa zaidi ya dola bilioni moja za Australia, dola 8 kwa hisa. Miezi mitatu baadaye, Fukushima. Warusi wakarudi mezani, wakakata bei hadi dola 7 na senti kidogo, biashara ikafungwa. Mnaona nani aliyepata hela Namtumbo mpaka leo? Aliyeuza 2011. Aliyenunua akapata marekebisho ya mpaka wa hifadhi ya Selous mwaka 2012, eneo la mgodi likatolewa nje, akapata leseni kubwa ya uchimbaji 2013, kisha bei ikamkalisha chini. Vijana wetu waliokuwa wakichoronga na kubeba sampuli wakarudi kwenye tumbaku. Miaka 12 baada ya leseni ndipo tumefungua kiwanda cha majaribio. Cha majaribio, nasisitiza. Kama dola kubwa kama Urusi imeketi miaka 12 ikisubiri, wewe na mkopo wa miezi 36 unafuata nini pale?

Na sasa ile karatasi. Mradi wa Mkuju unaendeshwa na Uranium One. Uranium One ni mali ya Rosatom, na Rosatom ni ya serikali ya Urusi. Hisa zake ziliondolewa kwenye soko la Toronto mwaka 2013. Haziuzwi Toronto, haziuzwi Moscow, haziuzwi Dar es Salaam, na haziuzwi stendi ya Songea. Kwenye soko letu la hisa la Dar es Salaam hakuna kampuni ya urani hata moja. Kwa hiyo mtu akikuletea fomu ya "hisa za Mkuju", usimuulize bei, muulize anwani ya ofisi yake, kisha upige simu Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kama nchi, sheria ya mwaka 2017 inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi ya leseni kubwa, bila kulipia. Hizo ndizo hisa zetu, na njia ya kuzifuatilia inapita kwa mbunge wako. Kwa wakala wa mtaani hazipo.

Kuna swali la kijana pale Tunduru ambalo halijaniacha: "Kama vinu ni vingi na urani haitoshi, kwa nini bei inashuka?" Swali zuri sana. Ilishika dola 100 mwanzoni mwa 2024, na ilipofika Machi 2025 ilikuwa dola 64 hivi, na hakuna kinu kilicholipuka hapo katikati. Sababu ni kwamba mwenye kinu si kama dereva wa bodaboda anayekwenda kituoni kila asubuhi. Kinu kinabadilishiwa mafuta kila mwaka mmoja au mwaka na nusu. Urani ikitoka mgodini inageuzwa gesi, inarutubishwa, inatengenezwa vijiti. Safari hiyo huchukua zaidi ya mwaka. Kwa hiyo wenye vinu hununua kwa mikataba ya miaka mingi mbele, na wana akiba ghalani. Wakiona bei haiwapendezi, wanakaa kimya mwaka, miaka miwili. Ile bei mnayoiona kwenye simu ni ya soko la papo kwa papo, ambako mzigo ni kidogo, na mfanyabiashara mmoja mwenye haraka anaweza kuisukuma juu au chini. Anayetaka kujua hali aangalie bei ya mikataba ya muda mrefu. Hiyo haitikisiki kwa habari za jana. Mwaka 2007 papo kwa papo ilikuwa 136, mikataba ilikuwa 95. Tofauti hiyo ilikuwa inapiga kelele, na hatukuisikia.

Tena urani hutoka hata pasipo na mgodi. Kuanzia 1993 hadi 2013 Marekani ilinunua mafuta ya vinu yaliyotokana na mabomu ya Urusi, vichwa kama 20,000, yaliyozimuliwa na kuwa umeme. Mchimbaji gani alikuwa ameliweka hilo kwenye hesabu zake?

Naona Mwenyekiti ananionesha saa. Basi haraka haraka.

Kwanza, ukitaka urani yenyewe, si mgodi, ipo mifuko inayonunua madumu na kuyahifadhi. Mmoja ni wa Sprott, soko la Toronto, ulianza 2021 na una zaidi ya ratili milioni 60. London ipo Yellow Cake. Haitoi gawio. Na hisa yake inaweza kuuzwa chini ya thamani ya mzigo uliomo, kwa hiyo linganisheni bei ya hisa na thamani ya mzigo kabla ya kununua. Pili, wazalishaji wakubwa: Cameco ya Canada, na Kazatomprom ya Kazakhstan, nchi inayotoa karibu asilimia 40 ya urani ya dunia. Hata hao hukwama. Mwaka 2024 Kazatomprom ilipunguza makadirio yake ya uzalishaji kwa kukosa tindikali ya salfa ya kutosha kuyeyushia urani. Tatu, kampuni changa za utafiti: hizo huishi kwa kutoa hisa mpya kila mwaka, na kila wakitoa, kipande chako kinapungua bila wewe kuuza chochote. Nilitaka kueleza kodi na ubadilishaji wa dola, hayo yatasubiri. Suala la maji na mionzi kwa vijiji vya jirani lina siku yake, na nimeomba wataalamu waje wao wenyewe.

Fedha ya kikundi, ile ya mikopo ya ada za watoto, isiguse hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Hilo naliomba liandikwe kwenye muhtasari wa leo, kwa wino.

Mwenye karatasi ya kampuni yoyote ya urani alete hapa mbele tukimaliza maswali. Tutafungua ukurasa wa madeni kwanza, tuone wana fedha za miezi mingapi. Nimekuja na miwani.