Mzigo umekukalia wapi?

Mnanisikia huko nyuma? Haya. Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna watu walinifanyia wema mkubwa kipindi naumwa, nikataka kuwashukuru kwa Kiingereza, kichwani nina sentensi yangu tamu kabisa, nimelemewa na wema wenu, basi nikaandika "I am burdened by your kindness", nikatuma, nikakaa najisifu. Wao wakasoma kwamba wema wao unanichosha! Neno nililokuwa nalitafuta ni "overwhelmed".

Sasa kwa nini lile limegoma na hili linakubali? Angalia yalikotoka. "Burden" ni ndugu wa "bear", kubeba, kwa hiyo ukisema "burdened" umeshajitwisha gunia mgongoni na hamna anayefurahia gunia, ndo maana linaenda na madeni, hatia, siri nzito. "Overwhelmed" halina gunia kabisa, lina maji. "Whelm" ya zamani ni kupindua, chombo kinageuka chini juu, wimbi linakifunika. Na wimbi linaweza kuwa la kazi, la msiba, hata la furaha, ukifunikwa umefunikwa tu, unaweza ukawa "overwhelmed" siku ya harusi yako ukalia na watu wakakuelewa.

Kwa hiyo mtu akilemewa kwa Kiingereza jiulize kwanza mzigo umemkalia wapi. "Weighed down" anavutwa chini, kama tawi lililozidiwa matunda, na linafaa kwa begi na kwa huzuni vilevile. "Laden" ni la kupakia, meli au mti uliojaa, wala si lazima liwe baya, ila likitanguliwa na "heavy" mambo yanabadilika, wasomaji wa Biblia wanakumbuka Mathayo 11:28, "heavy laden" ya King James, ile Biblia ya Kiingereza ya 1611, na Kiswahili kikaweka "wenye kulemewa na mizigo", safi. "Saddled with" lina tandiko, yaani wewe ndo punda, kuna mtu kakufunga mzigo wake kisha kaondoka zake, hilo lina manung'uniko ndani yake, litumie ndugu yako akikopa na deni likabaki kwako. "Encumbered" waachieni wanasheria na nyumba zao zenye rehani.

Halafu "stressed". Hili tumelifanya chumvi, kila chungu linatiwa, umechoka stresi, una njaa stresi. Asili yake ni Kilatini, kukaza, kubana, likapitia kwenye "distress". Halikukalii mgongoni, linakuzunguka kama kamba. Na hapa mnivumilie maana huwa nasisimka: dhiki yetu imetoka Kiarabu na kule maana yake ni wembamba, nafasi finyu. Lugha mbili zisizo na undugu zimeona kitu kilekile, mtu kabanwa! Aliyelivuta hilo neno "stress" likazoeleka kwenye tiba ni mtafiti Hans Selye wa Montreal, Kanada, alianza na majaribio ya panya, makala yake ikatoka 1936.

"Burnout" ni moto, umeungua ukabaki jivu. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliliandikia 1974 akiwatazama wanaohudumia wagonjwa, na WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yao ya magonjwa na hali za afya ya 2019 wanasema ni hali ya kazini, tena ya stresi iliyokaa muda mrefu, hawaiiti ugonjwa. Sasa wewe umelala vibaya jana tu unasema una "burnout", hapana bwana.

Ndiyo dada, uliza. "Heavy heart"? Swali zuri hilo, maana linanasa wengi. Kwetu moyo mzito una njia mbili, huzuni na kusita, unasema moyo wangu mzito kwenda kule, yaani sitaki sana. Cha Kiingereza kina huzuni tu. Ukisita sema "reluctant", ukisema "heavy heart" watakuuliza nani kafariki.