Nani Amelizuia Ua?

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nazungumzia tikiti, na silo tikiti maji. Ni lile la nyama ya rangi ya chungwa, linalonukia kabla hujalipasua. Ndugu wa damu wa tango.

Ua likinyauka na kudondoka bila kuacha tunda, mkulima husema lilikuwa dume. Mara nyingi ni kweli. Lakini lichukueni ua hilohilo lingali changa sana, mlitazame kwa hadubini: mtakuta mianzo ya stameni, sehemu ya kiume itoayo chavua, na ya kapeli pia, sehemu ya kike inayokuwa tunda. Baadaye upande mmoja huzuiwa usikue. Mimi jambo hili linanishangaza hadi leo. Nani anayezuia?

Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Ufaransa, akiwemo Abdelhafid Bendahmane, lilitambua jeni iitwayo CmACS-7. Hiyo hutoa kimeng'enya cha kutengenezea ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi mnazozivundika nyumbani. Ndani ya ua jike, jeni hii huzizuia stameni. Asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha protini, ikibadilika katika kimeng'enya, kizuizi huondoka, na ua huwa na jinsia zote mbili. Mwaka 2009 ikajulikana CmWIP1, ambayo huzuia kapeli na kulifanya ua kuwa dume. Katika mimea inayotoa maua ya kike pekee, kipande cha DNA kinachohamahama kilikuwa kimetua karibu na jeni hiyo, kikainyamazisha bila kuiharibu. Mwaka 2015 ikafuata CmACS11, inayoinyamazisha CmWIP1 panapotakiwa ua jike. CmACS11 ikiharibika, mmea mzima hutoa maua dume tu.

Sasa twende shambani, maana hapa ndipo penye kazi. Matikiti mengi ya aina ya Charentais, yale ya mviringo yanayopendwa Ufaransa, yana maua dume pamoja na yenye jinsia mbili. Anayetaka mbegu chotara hulifungua ua jioni, kabla halijachanua lenyewe, akang'oa stameni moja moja kwa kibano, akalifunika, kisha asubuhi akalipaka chavua ya baba aliyemchagua. Ua kwa ua, msimu mzima. Mama mwenye maua ya kike pekee angemwondolea taabu yote hiyo. Ila CmACS-7 inagusa na umbo pia: tunda la ua jike huelekea kuwa refu, la ua lenye jinsia mbili huwa mviringo. Mtafiti wa mbegu hana budi kuupima urahisi wa kazi yake dhidi ya macho ya mnunuzi.

Mtaniuliza: mmea usio na ua dume utaendelezaje ukoo wake? Hunyunyiziwa thaiosalfeti ya fedha, kemikali ambayo huzuia ethilini isisikike ndani ya mmea. Baadaye, kwenye machipukizi mapya, stameni zilizokuwa zimezuiwa hujitokeza zikiwa na chavua.