Maputo Manne na Mishale: Kutoka Umbo la Molekuli Hadi Kiwango cha Kuchemka

Kabla hatujaanza, chukua maputo manne, uzi, karatasi na kalamu. Yapulize maputo yawe na ukubwa mmoja, uyafunge midomo, kisha yaache mezani.

Tazama molekuli hizi mbili kwenye skrini. Kushoto ni maji, kulia ni kaboni dayoksaidi. Kila moja ina atomu tatu na kila moja ina oksijeni. Molekuli ya kaboni dayoksaidi ni nzito zaidi ya mara mbili, 44 kwa 18. Ungetarajia hiyo nzito ndiyo iwe ngumu kugeuka gesi. Lakini maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selisiasi, na kaboni dayoksaidi iliyoganda hugeuka gesi moja kwa moja kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Tukimaliza video hii utaweza kueleza tofauti hiyo bila kukariri chochote, ilimradi usiruke hatua. Wengi huruka ya pili, ya umbo, halafu wanashangaa majibu yakigoma.

Hatua ya kwanza: hesabu elektroni za nje. Hapa hatukai. Oksijeni inazo 6, kila haidrojeni ina 1, kwa hiyo maji yana 8, yaani jozi nne. Jozi mbili zinaishikanisha oksijeni na haidrojeni. Mbili zilizobaki zimekaa juu ya oksijeni bila kumshika mtu; hizo tuziite jozi pweke. Kwenye kaboni dayoksaidi, kaboni iko katikati, imeshikana na oksijeni kila upande kwa bondi maradufu, yaani mshiko wa jozi mbili za elektroni, na yenyewe haina jozi pweke hata moja.

Hatua ya pili: umbo. Sasa chukua maputo mawili, yafunge pamoja midomoni kwa uzi. Umeona? Yamejinyoosha, moja huku na jingine kule, mstari mmoja wa digrii 180. Hukuyapanga wewe. Yanasukumana tu, kila moja likitafuta nafasi. Elektroni nazo zina chaji hasi, kwa hiyo makundi yake yanakimbiana vivyo hivyo. Bondi maradufu ihesabu kama kundi moja, kwa sababu elektroni zake zote zimeelekea upande mmoja. Kaboni ya kaboni dayoksaidi ina makundi mawili, basi molekuli imenyooka kama rula.

Ongeza puto la tatu. Sasa yamelala bapa, digrii 120 kati ya moja na jingine. Ongeza la nne, na hapa ninaomba ulitazame vizuri, maana karatasi hudanganya. Kwenye daftari tunachora msalaba wenye pembe za digrii 90. Maputo yamekataa msalaba. Moja limesimama juu, matatu yametanuka chini kama miguu ya kigoda, na pembe kati yake ni digrii 109.5. Hilo ndilo umbo la methani: kaboni katikati, haidrojeni nne pembeni.

Maji nayo yana makundi manne, kwa hiyo usiyafungue hayo maputo. Andika H kwenye mawili, mengine yaache bila alama. Hayo matupu ni jozi pweke: zipo, zinasukuma, ila tunapotaja umbo la molekuli tunataja mahali zilipo atomu tu. Yafiche matupu kwa kiganja. Kinachobaki ni oksijeni na haidrojeni mbili zilizopinda. Ukitaka kuona zaidi, badilisha hayo matupu uweke makubwa kidogo. Yenye H yanabanwa, yanasogeleana. Jozi pweke huchukua nafasi kubwa kuliko jozi iliyoshikwa na atomu mbili, ndiyo maana amonia, yenye jozi pweke moja, ina pembe ya digrii 107, na maji, yenye mbili, digrii 104.5.

Hatua ya tatu: mishale. Mwaka 1932 mkemia Linus Pauling alizipa atomu namba za kuonyesha kila moja inavuta elektroni za bondi kwa nguvu kiasi gani. Utakazozihitaji mara nyingi ni hizi: haidrojeni 2.20, kaboni 2.55, nitrojeni 3.04, klorini 3.16, oksijeni 3.44, florini 3.98. Chora mshale kwenye kila bondi, ukielekea kwa atomu yenye namba kubwa.

Kaboni dayoksaidi: mishale miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia, nguvu sawasawa. Ni kama timu mbili zinazovuta kamba na hakuna inayoshinda. Kila bondi ina upande hasi na upande chanya, lakini molekuli nzima haina. Maji: mishale miwili inapanda kuelekea oksijeni, na kwa kuwa molekuli imepinda, haifutani. Upande wa oksijeni unakuwa hasi kidogo, upande wa haidrojeni chanya kidogo. Molekuli ya namna hii huitwa ya polari. Laiti maji yangenyooka, namba za Pauling zingebaki zilezile na upolari ungetoweka. Ndiyo maana sikukubali uruke maputo.

Hatua ya nne: uliza molekuli zinashikanaje na jirani zake. Hapa pana kosa moja ninalolikuta kila mara: mtu anasema maji yakichemka, haidrojeni na oksijeni zinaachana. Haziachani. Ingekuwa hivyo, mvuke wa sufuria ungekuwa gesi ya kulipuka juu ya moto. Kuchemka ni molekuli nzima kuachana na molekuli nyingine. Kukata bondi ya ndani kati ya oksijeni na haidrojeni kunahitaji takriban kilojuli 460 kwa moli. Mshiko kati ya molekuli moja ya maji na jirani yake ni kama 20 hivi.

Mishiko hiyo iko ya aina tatu. Kani za London, zilizoelezwa na mwanafizikia Fritz London mwaka 1930, ziko kwenye kila molekuli bila ubaguzi: elektroni hazitulii, zikirundikana upande mmoja kwa kitambo, zinamyumbisha na jirani, wanavutana. Aina ya pili ni ya molekuli za polari, upande chanya wa moja ukivuta upande hasi wa nyingine. Ya tatu ni bondi ya haidrojeni, na sharti lake ni kali: haidrojeni iwe imeshikwa na nitrojeni, oksijeni au florini, na upande wa pili kuwe na moja ya hizo yenye jozi pweke.

Maji yanatimiza sharti hilo. Ona ndugu zake, wenye haidrojeni mbili vilevile ila mahali pa oksijeni pana elementi nyingine ya safu yake kwenye jedwali la elementi: haidrojeni salfaidi, ile ya salfa, huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri, ile ya seleni 41 chini, ile ya teluri 2 chini. Kwa mtiririko huo maji yangetakiwa kuwa gesi hata kwenye baridi kali. Bondi za haidrojeni ndizo zinazoyashikilia hadi 100.

Sasa tahadhari, kwa sababu wengi hutoka hapa wakiamini kwamba ya polari lazima ichemke juu zaidi. Chora kaboni tetrakloridi, kaboni katikati na klorini nne pembeni: mishale minne kwenye umbo la maputo manne, yote inafutana. Kloroformu ina haidrojeni mahali pa klorini moja, mishale haifutani, ni ya polari. Lakini kloroformu huchemka kwenye nyuzi 61, na tetrakloridi kwenye 77. Hesabu elektroni: 58 dhidi ya 74. Elektroni nyingi, kani za London kubwa zaidi, na hapo upolari umeshindwa. Linganisha upolari pale tu ukubwa unapokaribiana.

Zoezi la mwisho. Ethanoli na dimethili etha zina atomu zilezile: kaboni mbili, haidrojeni sita, oksijeni moja. Uzito mmoja. Moja huchemka kwenye nyuzi 78, nyingine kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri. Simamisha video, pita hatua zote nne.

Tayari? Oksijeni imepinda kwenye zote mbili, kwa hiyo zote ni za polari. Ukiishia hatua ya tatu umekwama. Fuata kila haidrojeni uone imeshikwa na nani. Kwenye etha zote sita ziko juu ya kaboni. Kwenye ethanoli moja iko juu ya oksijeni, na hiyo moja ndiyo inayoleta tofauti ya nyuzi 102.